Skrubu ya Mashine ya Maziwa

Mjini Nakuru, maziwa ya Molo, Njoro na Bahati siku hizi huuzwa pia kwa mashine: muuzaji anabonyeza kiasi cha pesa, pampu inamimina, chupa inajaa. Pampu hiyo hutikisika kutwa, na mtikisiko hulegeza skrubu za kifuniko chake. Hewa ikipenya, povu huhesabiwa kama maziwa, na anayepunjwa ni mnunuzi. Fundi mwenye haraka huchomeka skrubu yoyote aliyo nayo mfukoni, na hapo ndipo hasara inapoanza. Skrubu ya M4 ina unene wa milimita 4, na kati ya uzi na uzi pana milimita 0.7. Ile ya Kimarekani ya nambari 8 huonekana pacha wake, ila ina unene wa milimita 4.2 hivi, na nafasi ya nyuzi zake ni karibu 0.8. Ikitiwa kwenye tundu la M4 itazunguka kidogo, igome, na ikilazimishwa itakula nyuzi za tundu. Kazi ya shilingi chache igeuke ununuzi wa pampu. Skrubu iliyopakwa zinki tu nayo haifai panapopita maziwa na dawa ya kusafishia. Patiwe chuma kisichoshika kutu, na hata hicho klorini isiposuuzwa hukitoboa. Fundi mzuri huenda dukani na skrubu ya zamani mkononi, huipima kwa kalipa, na hubadilisha zote za kifuniko kwa pamoja. Skrubu yenye lakiri ya mkaguzi wa vipimo haigusi kabla ya kumwita mkaguzi mwenyewe.