Somo la Historia Siyo Kwaya

Makamanda, wanamageuzi, na wewe mdogo wangu wa kidato cha tano unayesoma hapa kwa simu ya kuazima: leo siandiki kuhusu tume wala daftari la wapiga kura. Naandika kuhusu daftari la historia.

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika kwa awamu mwaka 2024, kuna somo linaitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Ni la lazima na linafundishwa kwa Kiswahili. Mzizi wake ni agizo la Rais Magufuli la mwishoni mwa 2020 kwamba historia ya nchi yetu ifundishwe kwa wanafunzi wote. Wapo wenzetu wanaosema tulikatae, eti ni mbinu ya kuwaandaa wapiga kura wa chama tawala mapema. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa Kitanzania kuisoma Tanzania, tena kwa lugha anayoota nayo, ni jambo jema. Sisi tulikariri mapinduzi ya viwanda ya Uingereza kwa Kiingereza cha kubahatisha. Mtihani ulipoisha, na mapinduzi yakaisha.

Hofu yangu ni namna kipindi chenyewe kinavyoendeshwa. Historia unaweza kuifundisha kama kwaya: mwalimu anaanzisha, darasa linaitikia, anayeimba tofauti anatolewa nje. Na ukishaweka neno historia na neno maadili kwenye jina moja, ni rahisi sana mtu akaona kuuliza swali gumu ni utovu wa adabu.

Nilipokuwa sekondari, shule siitaji, mwenzetu mmoja aliuliza mfumo wa chama kimoja ulikujaje. Akajibiwa, "Hayo ni siasa, kaa chini." Akakaa. Siku ile darasa zima tulijifunza kitu, lakini kitu chenyewe hakikuwa historia.

Na jibu lipo, wala halimuumi mtu. Mwaka 1962 Tanganyika ilifanya uchaguzi wa rais wenye wagombea wawili: Nyerere wa TANU na Zuberi Mtemvu wa African National Congress. Nyerere alishinda kwa zaidi ya asilimia 98. Miaka mitatu baadaye, Katiba ya Muda ya 1965 ikaruhusu chama kimoja tu, TANU kwa Bara na ASP kwa Zanzibar. Hapo ndipo swali linapoanza kunoga: chama kilichoshinda namna ile kilihitaji nini tena sheria ya kuwafungia wengine mlango? Wapo wanaotaja umoja wa taifa changa, ukabila, na maasi ya jeshi ya Januari 1964. Wapo wanaosema ni uroho wa madaraka. Mwacheni mwanafunzi ayapime yote mawili.

Kwa hiyo nadai taratibu tano, zibandikwe ukutani katika kila darasa la historia.

Kwanza, kila dai lije na ushahidi wake. Ukisema jambo, sema umelitoa wapi: kitabu, sheria, hotuba, gazeti la wakati huo, au mzee aliyekuwepo. "Kila mtu anajua" siyo ushahidi. Klipu ya sekunde thelathini nayo bado siyo ushahidi, mpaka ujue ilirekodiwa lini na kilichokatwa ni nini.

Pili, swali halina kadi ya chama. Mwanafunzi asiulizwe "umetumwa na nani?" Aulizwe "una sababu gani ya kuuliza hivyo?" Na sisi tusipeleke bendera wala kombati darasani. Tukiingiza za kwetu, wao wataingiza za kwao, na wao wana nyingi.

Tatu, jambo lenye ubishi lisomwe kwa mdomo zaidi ya mmoja. Azimio la Arusha la 1967, vijiji vya ujamaa, Muungano: mwanafunzi asikie aliyetunga sera, na asikie aliyehamishwa kwake kwa sababu ya sera hiyo.

Nne, historia itoke nje ya kitabu. Sisi wa Makole tumekaa juu ya hazina. Wagogo wana jina la njaa kubwa ya miaka ya Vita vya Kwanza vya Dunia: Mtunya. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua nazo zikagoma, watu wakafa kwa wingi. Mathias Mnyampala, mtoto wa huku huku Dodoma, alichapisha kitabu cha historia na mila za Wagogo mwaka 1954, kabla hata hatujapata uhuru. Wazee waliohamishwa katika Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 bado tunao. Kazi ya likizo iwe kumhoji mmoja, kuandika alichosema, kisha kukilinganisha na kitabu. Tufanye haraka, maana wazee hawatusubiri.

Tano, mtihani upime hoja. Mwanafunzi akijenga hoja isiyompendeza msahihishaji lakini yenye ushahidi, apewe alama zake zote. Bila hiyo taratibu ya tano, zile nne za mwanzo ni mapambo ya ukuta, kwa sababu madogo wanasoma kinachotoka kwenye mtihani.

Sasa nije kwetu, maana taratibu hizi zinatubana na sisi. Kwenye majukwaa yetu huwa tunasema wananchi walidai vyama vingi. Wenzetu wa kijani wanasema CCM iliwapa watu zawadi. Weka yote mawili mezani, uliza ushahidi. Tume iliyoundwa na Rais Mwinyi mwaka 1991 chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, na kama asilimia 20 tu ndio wanataka vyama vingi. Hata hivyo tume ikapendekeza vyama vingi. Wengi katika ile 80 walitaka marekebisho makubwa, na ile 20 haikuwa ya kupuuzwa. Ikaorodhesha pia sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa. Julai 1, 1992 mlango ukafunguliwa.

Kuna kamanda atasoma namba hizo aone aibu. Aibu ya nini? Mimi naona ndiyo hoja yetu nzito kuliko zote. Nchi hii ilikubali kwamba haki ya mtu kuwa na chama chake haingoji awe na wengi nyuma yake. Ukiijua historia hiyo vizuri, hakuna mkuu wa wilaya atakayekuzibia mkutano kwa kukwambia "ninyi wachache", ukakosa la kujibu. Ukiwa na kaulimbiu tu, anakumaliza kwa swali moja.

Kwa walimu, nawaelewa. Mwalimu ana mkopo, ana watoto, na barua ya uhamisho inaandikwa kwa dakika tano. Ndiyo maana dai langu naliweka mlangoni kwa Kamishna wa Elimu, na ofisi hiyo iko hapa hapa Dodoma. Atoe waraka unaosema wazi kwamba mwalimu hataadhibiwa kwa kufundisha tukio lenye ushahidi, hata kama linaichoma serikali, na mwanafunzi hataadhibiwa kwa kuuliza. Ukurasa mmoja unatosha.

Wakati tunausubiri, tuanze na lililo ndani ya uwezo wetu. Mwenye mdogo wake sekondari aombe daftari lake la historia wikiendi hii alisome. Mzazi aende kwenye kikao cha shule aulize somo hili linafundishwaje. Na matawi yetu ya vijana, kabla ya mkutano ujao, kila msemaji aje na chanzo cha kila namba atakayoitaja. Akikosa, tumkalishe chini sisi wenyewe, kwa heshima, na tumwambie kwa nini.