Mwalimu wa Hisabati Asiyeuona Ubao

Miongoni mwetu walimu imeenea dhana kwamba mtoto asiyeona aweza kufundishwa hadithi, nyimbo na ususi wa vikapu, lakini Hisabati si somo lake. Dhana hiyo naipinga, na shahidi wangu ni Mmarekani Abraham Nemeth, aliyestaafu mwaka 1985 baada ya kufundisha Hisabati kwa miaka 30 katika Chuo Kikuu cha Detroit.

Nemeth alizaliwa New York mwaka 1918, naye hakuona tangu kuzaliwa. Alitamani kusoma Hisabati. Washauri wake wakamwambia kwamba somo hilo halimfai kipofu, wakamwelekeza kwenye saikolojia. Akatii, akapata shahada mbili, kisha akakosa kazi iliyolingana na elimu yake. Kwa muda alishona foronya. Ushauri wa namna hiyo aghalabu hutolewa kwa huruma, na ndiyo sababu ni wa hatari, kwani mtoto hana la kuujibu. Mkewe, Florence, ndiye aliyemhimiza alirudie somo alilolipenda. Akajitolea kuwasaidia wanafunzi wa Brooklyn College walioelemewa na hesabu. Kwa kuwa tangu utotoni alijua kuandika herufi na tarakimu za watu waonao, aliweza kusimama ubaoni akaandika kwa chaki kama mwalimu mwingine yeyote.

Shida yake kubwa ilikuwa maandishi. Katika nukta nundu za kawaida, tarakimu huazima alama za herufi A hadi J, zikitanguliwa na alama ya namba. Kwa barua hilo si neno. Kwa hesabu ichanganyayo herufi na tarakimu ni tabu tupu. Nemeth aliziteremsha tarakimu zikakaa sehemu ya chini ya nafasi ile ya nukta sita, kidole kisizichanganye na herufi. Mtindo wake ulichapishwa mwaka 1952.

Lakini kwetu sisi wa shule za msingi, lililo kubwa zaidi ni jinsi alivyowafunza watu waliomsomea vitabu kwa sauti. Mwalimu akisema, "Tano kujumlisha tatu kwa nne," huku akiandika, mwenye macho huona mstari wa sehemu unaanzia wapi. Asiyeona hajui. Je, tano na tatu zote ni kiasi, na jibu ni 2? Au kiasi ni tatu peke yake, na jibu ni 5¾? Nemeth alitaka msomaji atamke: sehemu inaanza, tano kujumlisha tatu, juu ya nne, sehemu imekwisha. Naamini hata baadhi ya watoto wenye macho mazima, wale wa madawati ya nyuma, wangenufaika.

Utaratibu huo ulikuja kufaa mahali pengine. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akikaribia umri wa miaka 50, Nemeth alijifunza elimu ya kompyuta, akaanzisha masomo hayo chuoni kwake. Kompyuta nayo haivumilii mambo ya kukisiwa: mabano yasipofungwa, hukosea au hukwama. Leo zipo programu zisomazo hesabu kwa sauti kwa kufuata kanuni zilizotokana na zake. Hata baada ya kustaafu hakutulia. Mwaka 1991, pamoja na Tim Cranmer, aliandika waraka kutaka maandishi ya nukta nundu ya vitabu vya kawaida, ya hesabu na ya kompyuta yawe mfumo mmoja. Alifariki mwaka 2013, akiwa na miaka 94.

Shule zetu nyingi hazina kompyuta ya kumsomea mtoto. Sauti ya mwalimu ipo. Katika mazoezi ya kufundisha yajayo, mwanachuo na amwombe mwenzake aketi nyuma ya darasa, akiupa ubao kisogo, aandike daftarini yale tu ayasikiayo katika somo la sehemu. Kipindi kikiisha, wailinganishe daftari ile na ubao kabla haujafutwa.