Kumwogesha Mume Nayo Ni Kazi

Mhubiri alikuwa mgeni, amealikwa kutoka mji mwingine wa hapa Uingereza, na mada yake ilikuwa ndoa. Alipofika kwenye maradhi alipandisha sauti. Siku hizi, alisema, kuna wake wanaojaza fomu za serikali ili walipwe kwa kuwauguza waume zao wenyewe, na mke wa namna hiyo amegeuza kiapo cha madhabahuni kuwa kibarua. Ukumbi ukaitikia amina. Mimi sikuitikia. Safu mbili mbele yangu alikuwa ameketi dada mmoja ambaye mumewe alipigwa na kiharusi, upande mzima wa kulia ukalala, na niliona jinsi alivyoinamisha kichwa.

Si mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo. Yanasemwa misibani, yanasemwa kwenye vikao vya harusi, yanazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp yakiwa na picha ya maua. Kiini chake ni kimoja: ukimpenda mtu, kumhudumia si kazi. Huo ni uongo, na unawatoa wanawake wetu fedha mfukoni, unawavunja migongo, kisha unawafikisha uzeeni bila pensheni.

Hebu tuwaangalie waliosema amina. Nusu yao wanafanya kazi ya kea, yaani kuwahudumia wazee na wagonjwa majumbani mwao. Wanaamka alfajiri, wanapanda basi kwenye baridi, wanaingia nyumbani kwa mzee wa watu asiyejua hata majina yao. Wanamwogesha, wanambadilisha nepi, wanamlisha uji, wanampa vidonge, wanaandika kwenye daftari, wanakwenda nyumba inayofuata. Kiwango cha chini cha mshahara kisheria mwaka 2025/26 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na hakuna mhubiri aliyewahi kusimama akawaambia kwamba wameuza huruma. Tena fungu la kumi la mshahara huo hupokewa kwa mikono miwili.

Sasa mwanamke huyohuyo anarudi nyumbani jioni. Mumewe ana kilo tisini na hawezi kujigeuza. Anamwogesha, anambadilisha nepi, anamlisha uji, anampa vidonge, na usiku anaamka kumgeuza ili asipate vidonda vya mgongo. Ni viungo vilevile vinavyonyanyua uzito uleule. Kwa nini ya asubuhi iwe kazi na ya usiku iwe dhambi kuidai?

Na wanayoidai ni nini hasa? Posho ya mwangalizi, ambayo kwenye barua za serikali huitwa Carer's Allowance, mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 83.30 kwa wiki. Ili uipate lazima uwe unamhudumia mgonjwa angalau saa 35 kila wiki. Gawanya mwenyewe: ni pauni 2.38 kwa saa, na hapo nimezihesabu zile 35 tu, wakati mke wa mtu aliyepooza hana saa ya kutoka kazini. Yupo yule aliyeniambia, kwa uso mkavu, kwamba mke akishaanza kulipwa atamwona mumewe kama mteja. Kwa pauni 2.38? Hakuna biashara duniani inayoendeshwa kwa bei hiyo. Anayedhani mwanamke anaweza kukesha na mgonjwa mwaka baada ya mwaka kwa tamaa ya pesa hizo hajawahi kukesha na mgonjwa hata wiki moja, na ningependa anyamaze mpaka akeshe.

Mhubiri alisoma Timotheo wa Kwanza, sura ya tano, mstari wa nane, ule unaomlaani asiyewatunza watu wa nyumbani mwake. Vizuri. Lakini angeendelea kusoma. Mstari wa kumi na saba wa sura hiyohiyo unasema wazee wanaohubiri na kufundisha wastahili heshima maradufu, na wa kumi na nane unasema mtenda kazi astahili ujira wake. Ndiyo mistari ambayo wahubiri wetu huitumia kutetea bahasha zao. Kwa nini mstari wa nane uwe wa mke anayeuguza, na wa kumi na nane uwe wa aliyeshika maikrofoni? Wenzetu Waislamu wanajua kwamba Kurani imemwekea hata mkusanyaji wa zaka fungu lake ndani ya zaka, na hakuna anayesema amechafua ibada.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hoja hii si ya Biblia wala si ya mila zetu. Ni hoja ya serikali ya Uingereza yenyewe, tena ilishashindwa mahakamani. Mwaka 1954 mchungaji mmoja mwanamke, Mary Webster, aliacha kazi yake ili kuwatunza wazazi wake. Mwaka 1963 aliandika barua magazetini kueleza hali ya mabinti wasioolewa waliofungiwa nyumbani na wagonjwa bila kipato, na mwaka 1965 likaanzishwa shirika la kuwatetea. Kutoka kwenye harakati hizo ikapatikana posho ya kwanza, mwaka 1976. Lakini serikali ikaweka kizuizi: mwanamke aliyeolewa, au anayeishi na mwanamume kama mume na mke, haruhusiwi kudai. Sababu? Eti mke angekuwa nyumbani vyovyote vile. Mwanamume aliyemtunza mkewe aliruhusiwa!

Miaka kumi wake waliuguza bure kwa sheria hiyo. Aliyeivunja ni Jacqueline Drake, mwanamke aliyeolewa aliyeacha kazi ili amtunze mama yake. Alinyimwa posho, akashtaki, kesi ikafika Mahakama ya Ulaya, na Juni 1986 akashinda. Serikali ikalazimika kuwafungulia mlango wake wote. Sasa mlango ambao majaji waliufungua, mhubiri wetu anataka kuufunga kwa amina. Mawaziri wa wakati ule angalau walikuwa wanabana hazina yao. Yeye anaibania nani?

Na ubaguzi ule wa kiume bado tunao. Mwanamume anayemsukuma mkewe kwenye kiti cha magurudumu hupigiwa makofi kanisani, akaitwa mume wa mfano, akachangiwa nauli ya teksi. Hakuna anayemuuliza kama amejaza fomu. Mwanamke akifanya hivyohivyo, ni wajibu wake, na akiomba msaada ameishiwa upendo. Michango tunaijua sana sisi watu. Tutachanga maelfu kusafirisha maiti, tutachanga kwa ajili ya kapeti jipya la ukumbi, lakini mtu aliye hai, aliyelala kitandani na mkewe aliyechoka, tunampelekea mahubiri.

Yule dada aliyeketi mbele yangu simtaji jina, ila ameniruhusu kusema haya. Alikuwa akifanya kazi ya kupanga mizigo ghalani. Mume alipoanguka akaacha kazi. Kwa muda mrefu hakudai chochote kwa sababu ya aibu, wakaishi kwa malipo ya ulemavu ya mume, yaani PIP, na kwa mikopo ya jamaa. Waswahili walisema mficha uchi hazai, na yeye aliuficha mpaka mgongo ulipomshinda na daktari akamuuliza anapumzika lini. Aliyempa fomu hakuwa mtu wa kanisa. Alikuwa muuguzi wa mtaa, Mwingereza, aliyeshangaa kwamba hakuna aliyemwambia.

Ndiyo maana nataka kusema waziwazi mambo ambayo watu wetu hunong'onezana kwa makosa. Mke au mume anaruhusiwa kudai kwa kumtunza mwenzake. Ndoa si kizuizi. Anayetunzwa lazima awe anapokea malipo ya ulemavu, kwa mfano PIP ile sehemu ya maisha ya kila siku, au Attendance Allowance kwa waliofika umri wa pensheni. PIP ya mumeo haipungui hata peni moja kwa sababu wewe umedai. Kupika chakula chake, kufua mashuka yake na kukaa macho usiku kwa ajili yake kunahesabiwa katika zile saa 35. Wanaopokea Universal Credit, ruzuku ya wenye kipato kidogo, hukatwa posho hii pauni kwa pauni, lakini huongezewa fungu la mwangalizi, ambalo mwaka 2025/26 lilikuwa pauni 201.68 kwa mwezi, na fungu hilo linaweza kuombwa hata bila posho yenyewe. Mwenye viza yenye sharti la kutogusa fedha za umma asiombe kabla ya kupata ushauri wa kisheria. Scotland posho yao ina jina jingine, Carer Support Payment, na huombwa kwa serikali ya huko.

Kisha kuna pensheni, na hapa ndipo ninapokosa usingizi. Kila wiki ya posho hii humwandikia mdai mchango wa bima ya taifa kana kwamba alikuwa kazini. Pensheni kamili ya serikali kwa kawaida huhitaji miaka 35 ya michango. Wengi wetu tuliingia nchi hii tukiwa watu wazima na miaka yetu ni pungufu tayari. Mwanamke anayeacha kazi amtunze mume, asidai, asiandikiwe mchango, anapoteza miaka hiyo pamoja na mshahara. Mume akishazikwa, mhubiri atakuja kula pilau ya arobaini, kisha atarudi kwao. Mjane atabaki na barua ya pensheni yenye mapengo.

Siisifu serikali. Posho yenyewe ni ya kufedhehesha, na kanuni zake ni za kikatili: ukifanya kibarua ukapitisha kiwango kilichowekwa, ambacho mwaka 2025/26 kilikuwa pauni 196 kwa wiki baada ya makato, hata kwa peni, unapoteza posho yote ya wiki hiyo. Waangalizi waliachwa wakapitisha kiwango miaka mingi, idara inayolipa posho ikiwa na taarifa za mishahara yao, kisha wakaletewa madeni ya maelfu. Ilihitajika ripoti huru ya Liz Sayce kuhusu madeni hayo, Novemba 2025, ndipo serikali ikakubali kuzipitia upya kesi hizo. Nchi hii hii ilifunga njia ya kuajiri wahudumu wa kea kutoka nje Julai 2025. Hawataki dada yako aje kumwogesha bibi wa Kiingereza, na aliyemo ndani akimwogesha mumewe wanampa posho hiyohiyo ya kufedhehesha. Kwetu Kenya nako, kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa iliyobahatika kuingizwa kwenye mpango wa serikali wa Inua Jamii hupewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Kote huku hesabu imejengwa juu ya dhana kwamba kuna mwanamke atakayefanya bure. Anayehubiri kwamba afanye bure anaihubiria hazina.

Kama una mwenzako aliyelala kitandani kwa ugonjwa, fomu iko kwenye tovuti ya serikali, na ofisi za Citizens Advice hukusaidia kuijaza bila malipo. Jaza mwezi huu. Isipokuwa pale ambapo PIP ya mgonjwa ndiyo kwanza imekubaliwa, malipo hurudishwa nyuma miezi mitatu tu. Atakayengoja mpaka Krismasi, wiki zake za kiangazi hazitalipwa tena.