Ngumbaru Bila Hesabu Ni Nusu ya Elimu

Wapo wasemao kwamba elimu ya watu wazima imepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi watoto huenda shule. Sikubaliani nao hata kidogo. Elimu ya msingi bila malipo ilirudishwa mwaka 2003, na ni jambo jema; lakini yule aliyekuwa tayari ameolewa, au akichunga ng'ombe, hakuingia darasani. Naye yu hai, analima, anauza, anapiga kura.

Ndugu msomaji, hebu tutazame nyuma kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1978 Rais Moi alitangaza vita dhidi ya kutojua kusoma, na mwaka 1979 ikaundwa Idara ya Elimu ya Watu Wazima. Watu zaidi ya 400,000 walijiandikisha mwaka huo, wengi wao akina mama. Neno ngumbaru likawa kinywani mwa kila mtu, ingawa wengine walilitamka kwa dhihaka. Kisha moto ukapoa. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watu wazima kama 38 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika, jumla yao milioni 7.8. Mjini Nairobi waliojua walipita asilimia 80. Kaskazini Mashariki hawakufika 10.

Linalonikera zaidi ni hesabu. Tunapotaja ngumbaru, mawazo yetu hukimbilia herufi: mtu aandike jina lake, asitie tena dole gumba. Vyema. Lakini mkulima wa majani chai akipunjwa, hapunjwi jina, hupunjwa kilo. Karani husoma mizani, karani huandika, naye hupokea karatasi na kuitia mfukoni. Na tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mama sokoni ana benki yake mkononi, ila humbidi kumpa kijana simu, na namba ya siri pia. Nimewaona wakifanya hivyo, na si wote waliorudishiwa simu ikiwa na salio lile lile. Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004 akiwa na miaka 84, alitaka kusoma Biblia, naam, lakini alitaka pia kuhesabu fedha zake mwenyewe. Mzee huyo aliona mbali kuliko wapangaji wetu wengi.

Kwa hivyo naisihi serikali ipeleke masomo penye mizani, sokoni na visimani kwa wafugaji, tena kwa saa ambazo akina mama wana nafasi, si wakati wa palizi. Kitabu cha kwanza kiwe risiti na ujumbe wa simu. Lugha iwe ile mwanafunzi anayoota nayo, kisha Kiswahili. Walimu wa muda walipwe ujira wa kumweka mtu kazini, na fedha hizo zitengwe katika bajeti kwa jina lake, zisiachwe kuwa makombo ya shule za watoto.