Kabla ya kutoa vema, uliza kwa nini

Swali ninaloulizwa sana siku hizi hapa Ngokolo halihusu uji wa lishe wala chanjo. Linahusu simu. Mtoto anachemka usiku, mzazi anaandika dalili kwenye programu ya kompyuta, na ndani ya sekunde chache anapata jibu lililonyooka. Je, aliamini? Maana tunasikia programu hizo zimefaulu hata maswali ya mitihani ya udaktari ya kule Marekani.

Kabla ya kuuliza nani amefaulu, tuulize nani alisahihisha, na alisahihishaje. Waliohangaika na jambo hili kwa miaka mingi ni watu wa sataranji, mchezo ambao vijana wetu huuita chesi. Ubao wake una miraba 64 kama ule wa drafti, ila kete zake zina vyeo, na unashinda ukimbana mfalme wa mwenzako akakosa pa kukimbilia. Wengi wetu tuliujua kupitia filamu ya Queen of Katwe ya mwaka 2016, inayomhusu Phiona Mutesi, binti wa Katwe jijini Kampala aliyefundishwa na Robert Katende mpaka akaiwakilisha Uganda kimataifa.

Ukitaka kujua kama programu inacheza vizuri, unaweza kuichezesha michezo mingi ukahesabu ushindi. Njia fupi ni kuipa mafumbo. Unapanga kete kama zilivyo katikati ya mchezo, unauliza, "Hapa ungecheza nini?" kisha unalinganisha na jibu lililoandikwa. Mwaka 1982, Ivan Bratko wa Slovenia na Danny Kopec wa Marekani walitoa mtihani wa mafumbo 24, kila moja kwa dakika mbili, wakawapa watu na mashine. Usahihishaji wao ulikuwa na busara. Aliyepimwa aliruhusiwa kutaja hadi hatua nne, akianza na anayoiamini zaidi. Jibu linalotakiwa likiwa la kwanza, alama nzima. La pili, nusu. La tatu, theluthi. La nne, robo.

Wengine walitumia kitabu cha zamani cha Fred Reinfeld, Win at Chess, chenye mafumbo 300. Hapo tatizo likajitokeza. Mashine zilipozidi kuwa na nguvu, zilionyesha kwamba katika baadhi ya mafumbo kuna hatua nyingine inayoshinda vilevile, na mengine jibu la kitabu halikuwa imara kama mwandishi alivyodhani. Msahihishaji anayefuata kitabu tu anampa kosa yule aliyeona mbali kuliko kitabu.

Kuna mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1851, Kling na Horwitz walichapisha mpango wa kete ambao kwa zaidi ya miaka 130 ulichukuliwa kuwa ngao ya kutosha: mwenye farasi mmoja angeweza kumzuia mwenye maaskofu wawili, wakatoka sare. Mwaka 1983, Ken Thompson aliiachia kompyuta ihesabu hali zote za kete hizo. Ikaonekana kwamba kwa kawaida mwenye maaskofu wawili anashinda, hata kama itamchukua hatua nyingi.

Kwa hiyo wapimaji walijifunza mambo matatu. Kwanza, fumbo lenye majibu mawili yaliyo sahihi, yote mawili yapewe vema, au fumbo liondolewe. Pili, kuna mafumbo ambayo hayaulizi hatua bora, bali yanataja hatua ya kuepuka: ukiicheza hiyo umeanguka, usipoicheza umepita. Tatu, kutaja hatua sahihi hakutoshi. Programu inaweza kuipata kwa bahati, kisha ikaiacha sekunde chache baadaye. Ndiyo maana wapimaji wengi huangalia kama imeishikilia mpaka muda kwisha, na kama imeona kweli kwamba inashinda.

Sasa turudi kwa mtoto wetu mwenye homa.

Katika sataranji ubishi una mwisho. Sheria zinajulikana, na hali zote zenye kete saba au pungufu, wafalme wakiwemo, zimeshahesabiwa hadi mwisho. Ukibishana, unafungua hesabu, yanaisha. Mwili wa mtoto hauna hesabu ya namna hiyo. Programu iliyofaulu maswali ya kuchagua jibu imefaulu maswali yaliyoandikwa na mtu, yenye dalili zilizopangwa vizuri na jibu lililokwisha kuamuliwa. Mtoto wako hajaandikwa na mtu. Huenda wewe mwenyewe umesahau kutaja kwamba anapumua haraka, na programu haiwezi kumfunua kifua ikaangalia.

Chukua malaria, ambayo ukanda wetu wa ziwa tunaijua vizuri. Mtoto ametibiwa, amemaliza dawa ya mseto, baada ya wiki mbili homa inarudi. Kipimo cha haraka kinasoma chanya. Jibu linaonekana wazi. Lakini vipimo vingi vya aina hiyo hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kipimo hakijadanganya, kimejibu swali lake. Swali la mtaalamu ni jingine: homa hii ya leo imeletwa na nini? Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa nimonia. Ndiyo maana wakati mwingine ataomba damu iangaliwe kwa hadubini, na atamkagua mtoto mwili mzima.

Na yale mafumbo ya hatua ya kuepuka yanatufaa sana nyumbani. Mara nyingi mzazi hawezi kujua ugonjwa ni upi, wala hatakiwi kujua. Anatakiwa ajue asicheze nini. Usimpe mtoto mwenye homa aspirini. Usimpe antibiotiki zilizobaki za kaka yake. Usikatishe mseto siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka. Na usikae ukiandika kwenye simu ikiwa mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea na hazinduki vizuri, au kifua kinabonyea anapovuta pumzi. Hapo funga simu, beba mtoto, nenda kituo cha afya, hata kama ni saa nane usiku.

Simu nayo ina kazi yake. Itumie kuandaa maswali ya kumuuliza daktari au kuelewa neno ulilolisikia zahanati. Ikikupa jibu, fanya kama wale wapimaji: iulize kwa nini, kisha iulize ni ugonjwa gani mwingine unaweza kuleta dalili hizohizo. Jibu likibadilika kila unapouliza, ujue halikushikiliwa.

Jambo hili lina faida nyingine kwenye meza ya masomo. Swali la mtoto linasema, "Taja namba mbili ambazo zikizidishwa zinaleta 24." Karatasi ya majibu ina 6 na 4, mtoto kaandika 8 na 3. Mzazi mwenye haraka, simu mkononi, anamwambia amekosea. Mtoto anafuta jibu zuri, na anajifunza kwamba akili ni kukisia mkubwa anataka nini. Mwingine kaandika 6 na 4 kwa kunakili kwa jirani, anapewa vema na sifa. Nani kati yao anajua hesabu?

Wiki hii jaribu hivi: kabla ya kutoa vema au kosa, mwambie mtoto akueleze alivyofika kwenye jibu lake. Akieleza vizuri na jibu ni tofauti na la kitabu, kaeni mlikague pamoja, na ikibidi aende nalo kwa mwalimu. Mtoto aliyezoea kuulizwa "kwa nini" atakuwa mtu mzima anayeuliza hivyohivyo akipewa dawa, kipimo au ushauri wa simu.

Tukutane wiki ijayo.