Je, Vijana wa Zamani Walitushinda kwa Muziki?



Kila likizo, sisi watoto wa Kibiti na wa delta ya Rufiji twasikia maneno yale yale kwa wazee wetu. Husema ati vijana wa siku hizi hatujui kusikiliza muziki. Kwamba wao wimbo mmoja uliwatosha mwezi mzima, na sisi tuna nyimbo elfu katika simu wala hatuna hata mmoja moyoni. Wenzangu wengi hucheka. Waswahili husema penye wazee haliharibiki neno, lakini neno la mzee nalo hupimwa.

Kwanza tutazame mambo yalivyokuwa. Kabla ya Radio One kuanza mwaka 1994, kijana wa Tanzania Bara alitegemea hasa redio moja ya taifa, ambayo wengi waikumbuka kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Huko Salale, Mbwera na Maparoni, mahali pa mitumbwi na mashua, betri zilikuwa ghali. Wazee wasimulia kwamba zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo. Wakati wa kulinda mpunga, redio ilipanda na wenyewe juu ya dungu, na majirani wa madungu mengine wakasikia bila gharama. Wimbo wa Morogoro Jazz au wa NUTA Jazz ukipigwa leo, hakuna aliyejua utapigwa tena lini. Basi mmoja alishika ubeti wa kwanza, mwingine wa pili, kisha wakakutana na daftari kuunganisha maneno. Baadaye zilipokuja kanda, kijana alikaa kidole juu ya kitufe, akiomba mtangazaji asiseme neno katikati ya wimbo.

Hayo ni mazuri, wala siyabishi. Lakini wazee husimulia utamu wakaacha uchungu. Redio ilikuwa mali ya baba, akiizima, imezimwa. Bibi zetu wasema walisikia kwa mbali, mikono yao ikiwa kazini. Tena aliyechagua wimbo hakuwa msikilizaji, bali mtu aliyekaa Dar es Salaam. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika mji huo, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa, wala vijana walioupenda hawakuulizwa. Na zile kanda zilinakiliwa madukani kwa bei ndogo, na mara nyingi mwanamuziki mwenyewe asipate hata senti.

Mfikirini Mbaraka Mwinshehe. Yeye na Morogoro Jazz walipiga muziki hata Japani, katika maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, na alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979. Baada ya hapo, asiyekuwa na santuri wala kanda yake alingoja mpaka redio ipende kumpiga. Mimi nimezaliwa miaka mingi baada ya kifo chake, lakini niwapo nyumbani namsikia saa yoyote niitakayo, kwa sababu ya intaneti. Sioni kwa nini niilaani.

Basi kilichopotea ni nini? Nasadiki ni jambo moja tu: kusikiliza pamoja. Pandeni mashua ya Nyamisati leo mwone. Vijana kumi wamekaa bega kwa bega, kila mmoja na hedifoni masikioni na wimbo wake peke yake. Hakuna amwambiaye mwenzake, "Hebu sikia hapa," wala hakuna abishaye maana ya ubeti. Jambo hili si kosa la simu. Ni desturi tuliyoiacha wenyewe, na desturi iliyoachwa yaweza kurudishwa.

Sisi wa bweni tuna nafasi nzuri kuliko wengine, kwani muhula mzima hatuna simu. Wenzangu hunung'unika kwa ajili hiyo. Mimi naona twaweza kuitumia. Natoa shauri hili mbele ya Mwalimu Mkuu na viranja: kila Jumamosi baada ya chakula cha jioni, nusu saa, spika moja ipigwe katika bwalo. Kila bweni, la wavulana na la wasichana, lichague wimbo mmoja kwa zamu, na mwanafunzi mmoja asimame aeleze kwa nini umechaguliwa. Mwalimu wa zamu awepo kulinda adabu, lakini uchaguzi uwe wetu. Tena kila mmoja arudipo likizo aandike katika daftari maneno ya wimbo mmoja wa bibi au babu yake, ule wa kulinda ndege shambani au wa kuvuta makasia. Nyimbo hizo nyingi hazimo katika intaneti, na wenye kuzijua wanapungua kila mwaka.

Wako watakaosema muziki utaharibu masomo. Nawajibu kwamba nusu saa kwa juma haijaharibu mtihani wa mtu, na aliyezoea kusikiliza kwa makini bwaloni atasikiliza kwa makini darasani pia.

Sisi wa kidato cha nne twaondoka mwezi wa Novemba, baada ya mtihani wa taifa. Kwa hiyo sisemi haya kwa faida yangu, bali nawaachia wadogo zangu wa kidato cha tatu. Kidole kimoja hakivunji chawa.