Nyumba ya Bluey ni Mbao na Mabati. Shida Iko Nje ya Geti

Wacha niseme kitu kitakachowaudhi wenye ndoto ya mjengo: nyumba ya katuni inayotamaniwa sana siku hizi ni ya mbao na mabati.

Naongelea nyumba ya Bluey, katuni ya Australia iliyoanza 2018. Kama kwenu kuna mtoto mdogo, unaijua: baba, mama na wasichana wawili, wote mbwa, wanaishi juu ya kilima pale Brisbane. Nyumba yao ni Queenslander, yaani nyumba ya mbao ya kizamani ya jimbo la Queensland. Huinuliwa juu ya nguzo ili hewa ipite chini, na huwa na veranda pana kwa sababu ya jua kali. Paa ni bati. Ukijenga hivyo hapa kwetu, majirani watauliza kama pesa iliisha.

Ukiwa na ndoto ya kwenda majuu kuishi hivyo, sawa. Lakini hata vijana wa huko wanaiona kwa TV tu. Mwaka wa 1971, nusu ya Waaustralia wa miaka 25 hadi 29 walikuwa na nyumba yao. Kufika 2021 walikuwa asilimia 36. Baba yake Bluey ni mwanaakiolojia, mama anafanya kazi ya usalama uwanja wa ndege, na mashabiki wa huko wamebishana sana: hao wawili wanalipia keja kama hiyo aje? Hata katika kipindi cha The Sign cha 2024, karibu waiuze ili baba akafuate mshahara mkubwa mji mwingine.

Maoni yangu ni haya: tunatamani kitu kisicho. Angalia hao watoto wanacheza wapi. Nyuma ya nyumba, ndiyo. Lakini pia kwa bustani ya mtaa, kwa kijito, kwa soko la wikendi. Baba wa jirani naye anavutwa kwa mchezo. Hakuna ukuta wenye vipande vya chupa juu. Na si katuni tu: Brisbane yenyewe ina bustani za umma zenye majiko ya umeme ya kuchomea nyama, bure. Unabonyeza, unachoma, unapangusa, unaenda.

Sasa kuja Nairobi. Mtoto wa ghorofa ya tano anachezea wapi? Katikati ya magari, mpaka soja amfukuze. Uwanja wa mtaa ulikuwepo, ukapata geti, ukapata mwenyewe, leo ni ghorofa. Na jibu letu ni gani? Kila mtu aweke akiba, anunue ploti, ajenge ukuta wake.

Mwaka wa 1989 Wangari Maathai alikataa jengo la ghorofa 60 lijengwe Uhuru Park. Alitukanwa vibaya, lakini jengo halikujengwa. Angesema "mimi nina boma langu," leo tungepigia wapi picha za mahafali?

Endelea kuota nyumba yako, hakuna ubaya. Lakini siku kaunti ikiita watu watoe maoni kuhusu ardhi ya umma, usiachie wazee. Nyumba nzuri bila mahali pa kutoka kwenda ni jela yenye tailizi.

Mtaani kwenu, uwanja bado upo, ama ulishapata mwenyewe?